Orodha ya Zamu

Mjomba Eleuterio alikaa kiti cha mbele,
mfuko wa mbegu za maboga mapajani,
akakataa kufunga mkanda mpaka tulipoipita Jiménez.
"Lori la mgodi halikuwa na mkanda," alisema, "na nimezeeka."

Jangwa la Chihuahua saa moja asubuhi
si jekundu kama kwenye kalenda.
Lina rangi ya kiwiko cha mfanyakazi.
Vichaka vya mathenge, mipungate iliyotafunwa na mbuzi,
na seng'enge inayokwenda mpaka macho yachoke yenyewe.

Mwanangu Iker alikuwa na daftari.
Aliandika: sungura wenye masikio ya punda, wawili.
Mwewe, mmoja, juu ya nguzo ya simu.
Aliandika: paisano, yule ndege anayekimbia kando ya gari
kana kwamba tumemwibia kitu,
kisha akauliza kwa nini anaitwa mwananchi mwenzetu.
"Ana mabawa," mjomba alijibu, "na bado anakwenda kwa miguu."

Kilomita ya tisini, kobe.
Katikati ya lami, kichwa kimerudi ndani,
anangoja dunia imalize kelele zake.
Mjomba akashuka, akamwinua kwa mikono miwili
kama mtu anayeepua sufuria,
na kobe akamkojolea maji yake yote ya mwaka.
Iker alicheka mpaka kwikwi ikamshika.
Mjomba hakucheka. Alimshusha upande ule ule aliokuwa akielekea,
akasema, pole mzee, nimekumwagia akiba.

Pangoni tulifika adhuhuri.
Peso mia na themanini, wazee nusu.
"Miaka thelathini na mmoja," alimwambia msichana wa dirishani,
"nililipwa kuingia chini. Kidogo, lakini nililipwa.
Leo nitoe changu?"
Msichana akamtazama vidole, viwili havipo,
akachana tiketi mbili. Ya tatu akaiacha kitabuni.

Ngazi mia mbili na kumi na mbili.
Kijasho cha mawe. Yaretzi, kiongozi wetu, alimulika:
huyu ni tembo, yule askofu anasali,
pale pazia la chokaa, msiguse, mafuta ya vidole huliua.
Sote tuliinua simu.
Mjomba aliinua mkono, akagonga mwamba kwa kifundo,
akatega sikio, akasogea hatua, akagonga tena.
Uzuri hakuuona. Alikuwa akiikagua dari.

"Sasa nazima taa," Yaretzi alisema. "Dakika moja tu."

Usiku una nyufa; giza lile halikuwa nazo.
Nilifumba macho, nikafumbua, hakuna kilichobadilika.
Mtu alikohoa. Tone likaanguka mbali,
likachukua muda kufika.
Ndipo nikasikia sauti ambayo nyumbani hakuwahi kuitumia,
kavu, ya kazini, inasoma:
"Baltazar."
"Nicanor Rentería."
"Fidencio. Yule Fidencio mdogo."
Wageni walidhani ni sehemu ya ziara.
"Nipo!" mwanamume mmoja wa Monterrey akaitika,
na wenzake wakaangua kicheko.
Mjomba akangoja kicheko kiishe.
"Hilario."

Hilario alikuwa baba yangu.
Nilikuwa na miaka sita walipoufunga ule mlango kwa saruji.
Nilifungua kinywa; ulimi ulikuwa umekauka kama ngozi ya ngoma.
Kisha karibu na kiuno changu, polepole, bila mzaha,
Iker akasema, "Nipo."

Taa ikawaka.
Mjomba alikuwa anaangalia kamba za viatu vyake.

Jioni tulikaa juu ya mawe, nje, kusubiri popo.
Walianza wachache, kama moshi wa jiko linalokataa kushika,
halafu pango likawatapika,
mkanda mweusi unaojikunja kuelekea mashamba ya pamba.
Iker alihesabu hadi mia tatu, penseli ikamshinda.
"Niandike ngapi?"
Mjomba alitema ganda la mbegu.
"Andika wametoka wote."

Gari lilinuka kobe mpaka nyumbani.